Kuchagua Mashine ya Upepo kwa Gereji Ndogo ya Nyumbani

Mji wa Tunduma umeota kando ya barabara. Barabara Kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Mbeya huvuka mpaka mahali hapo na kuingia Nakonde, upande wa Zambia. Na ijapokuwa kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa mwaka 2019 kimepunguza safari za karatasi kutoka dirisha hadi dirisha, malori bado ni sehemu ya sura ya mji. Mtu akisimama kando yao kwa muda mfupi atasikia sauti moja ikirudiwa: mlio mkali wa hewa ikitoka chini ya lori kila dereva anapoachia kanyagio la breki au anapofunga breki ya kuegeshea. Hewa hiyo ilishindiliwa na mashine ndogo iliyofungwa kwenye injini, ikahifadhiwa katika matangi chini ya chesisi, ikangoja kazi. Mpango huo ulianzia kwenye reli, kwa breki ya hewa ambayo George Westinghouse wa Marekani alipewa hataza yake mwaka 1869. Jambo moja huwashangaza wanafunzi: katika breki ya kuegeshea ya lori la kisasa, hewa haikazi breki bali huilegeza. Kinachokaza ni springi. Lori lililopoteza hewa yake yote hukataa kwenda, na ndivyo inavyotakiwa.

Nyuma ya barabara, katika mitaa ya makazi, hewa iliyoshindiliwa hutafutwa kwa namna nyingine. Fundi aliyeanzisha gereji ndogo uani mwake, ya pikipiki, bajaji na magari madogo mawili matatu kwa juma, akiisha kupata spana na jeki hutamani mashine ya upepo. Kwake bei ya mashine hiyo mara nyingi ni akiba ya miezi mingi au mkopo wa kikundi. Akichagua vibaya, mota huungua kabla deni halijaisha, au mashine hushindwa kazi aliyoinunulia. Kuna kosa kubwa zaidi ya hayo, nalo ni kuweka uani, wanapocheza watoto, tangi linaloweza kupasuka. Makala haya yanaeleza mambo ya kisayansi yanayoongoza uchaguzi huo, na hasa lile linalosahauliwa dukani: kwamba hewa ya Tunduma si sawa na hewa ya Dar es Salaam.

Pampu ya baiskeli iliyopewa mota

Kompresa, au mashine ya upepo kama inavyoitwa katika gereji nyingi, ni pampu ya baiskeli iliyopewa mota. Ndani ya silinda kuna pistoni. Ishukapo, valvu ya kuingizia hufunguka na hewa ya nje huingia. Ipandapo, valvu hiyo hujifunga, hewa hubanwa, na kanieneo yake ikizidi ile ya tangi, valvu ya kutolea hufunguka na kuipitisha. Kanuni inayotawala ni ile iliyochapishwa na Robert Boyle mwaka 1662: hewa ya kiasi kilekile, ikiwa jotoridi halibadiliki, ujazo wake ukipungua mara mbili kanieneo yake huongezeka mara mbili.

Hewa inayosukumwa kwa nguvu si ngeni katika eneo hilo. Wanyiha wa Mbozi, pamoja na Wafipa wa ng'ambo ya bonde la Rukwa, waliyeyusha chuma kwa vizazi vingi. Tanuru zao ndefu zilivuta hewa zenyewe, kwa kuwa hewa ya moto hupanda; katika tanuru ndogo za kusafishia chuma, mivukuto ndiyo iliyofanya kazi ya pistoni.

Mwalimu anaweza kuonyesha darasani jambo ambalo Boyle aliliweka kando, yaani joto. Mwanafunzi azibe tundu la pampu ya baiskeli kwa kidole, asukume haraka mara kadhaa, kisha aguse ncha ya pampu. Ni ya moto, na msuguano peke yake hautoshi kueleza moto huo. Kazi iliyofanywa kuibana hewa imegeuka kuwa joto ndani yake. Mashine ya upepo hufanya hivyo mara elfu na zaidi kwa dakika, na ndiyo sababu silinda yake huundwa na mapezi ya kupozea kama ya injini ya pikipiki.

Hewa ya nyanda za juu

Tunduma, Vwawa na sehemu kubwa ya uwanda wa Mbozi ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hesabu zinazofuata zinachukua mita 1,600. Katika usawa wa bahari kanieneo ya anga ni baa 1.01 hivi (baa moja ni sawa na kilopaskali 100, au paundi 14.5 kwa inchi ya mraba, kipimo ambacho mafundi hukiita psi). Katika mita 1,600 kanieneo hiyo huwa takriban baa 0.84. Kwa maneno mengine, kila lita ya hewa inayoingia katika silinda huko Tunduma ina hewa pungufu kwa karibu sehemu moja kati ya sita, ikilinganishwa na lita ya pwani yenye jotoridi lilelile.

Upungufu huo ni mwanzo tu. Geji ya upepo haisomi kanieneo yote; husoma tofauti kati ya hewa ya ndani na hewa ya nje. Geji inaposema baa 7, kanieneo halisi ya ndani ni baa 8.01 pwani na baa 7.84 Tunduma. Pwani, basi, mashine imeibana hewa mara 7.9 hivi (8.01 kugawanya kwa 1.01), na Tunduma imeibana mara 9.3 (7.84 kugawanya kwa 0.84). Ili sindano ya geji ifike mahali palepale, mashine ya nyanda za juu hubana zaidi.

Kubana zaidi kuna gharama mbili. Ya kwanza ni joto. Kama silinda isingepoa kabisa, hewa ya nyuzi 20 za Sentigredi ikibanwa mara 7.9 ingefika karibu nyuzi 255. Ikibanwa mara 9.3 ingefika karibu nyuzi 280. Kwa kweli silinda hupoa, na hewa haifiki huko. Hata hivyo tofauti iko palepale, na hewa nyepesi ya nje hupoza mapezi kwa udhaifu zaidi. Joto likizidi, mafuta ya silinda hugeuka masizi na kuganda juu ya valvu, na valvu yenye masizi haifungi sawasawa.

Gharama ya pili imejificha juu ya pistoni. Pistoni haiwezi kugusa kifuniko cha silinda. Hapana budi ibaki nafasi ndogo. Ichukuliwe kwamba nafasi hiyo ni sehemu moja ya 25 ya ujazo unaofagiwa na pistoni. Hewa inayobaki humo imebanwa kwa kanieneo kamili ya tangi, na pistoni ianzapo kushuka hewa hiyo hutanuka kwanza kabla ya hewa mpya kuingia. Kwa Sheria ya Boyle peke yake, Tunduma hewa hiyo hutanuka mara 9.3 na kula theluthi moja ya mwendo wa pistoni. Pwani hula kidogo zaidi ya robo. Pistoni inakwenda, mota inakula umeme, na hakuna kinachoingia.

Yakijumlishwa hayo mawili, mashine ileile ambayo pwani ingeingiza kilo 4 za hewa katika tangi, Tunduma itaingiza kilo 3 na kidogo kwa muda uleule. Fundi wa Kamsamba, chini katika bonde la Ziwa Rukwa ambalo liko karibu mita 800 juu ya bahari, yuko katikati ya hali hizo mbili ingawa ni wa mkoa huohuo wa Songwe. Vibati vya mashine haviwatofautishi.

Matairi yenyewe hayalalamiki. Tairi hubeba gari kwa tofauti ya kanieneo, na tofauti ndiyo inayosomwa na geji, hivyo kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji wa gari hufuatwa kilekile mlimani na pwani. Lori lililojazwa baa 8 Tunduma, likiteremka hadi Dar es Salaam, lingeonekana limepungua kwa baa 0.17 kwa sababu ya uzito wa anga ya chini. Lakini joto la pwani hurudisha upungufu huo na kuuzidi.

Namba za kwenye kibati

Mnunuzi akiuliza ukubwa wa mashine, kwa kawaida huonyeshwa namba tatu: nguvu farasi, ujazo wa tangi, na lita kwa dakika. Macho ya wengi hukimbilia tangi, kwa kuwa ndilo linaloonekana, lakini tangi ni ghala tu. Ghala kubwa lenye mkulima dhaifu hujaa polepole na, likiisha kuwa tupu, hukaa tupu muda mrefu.

Namba yenye maana ni lita kwa dakika, nayo ndiyo yenye udanganyifu mkubwa. Mashine yenye silinda moja ya kipenyo cha sentimita 5 na mwendo wa pistoni wa sentimita 4 hufagia sentimita za ujazo 78.5 kwa kila mzunguko. Ikizunguka mara 2,850 kwa dakika, hufagia lita 224. Watengenezaji wengi huandika namba hiyo, na hesabu yao ni sahihi. Ila ni hesabu ya pistoni, wala si ya hewa inayotoka katika bomba. Toa theluthi iliyoliwa na nafasi ya juu ya pistoni, toa uvujaji wa pete na valvu, toa pia upungufu utokanao na hewa kupashwa moto inapoingia. Mashine hiyo ikitoa lita 120 kwa dakika kwa baa 7 huko Tunduma, mnunuzi ameuziwa kitu kizuri. Watengenezaji waangalifu huandika namba mbili, ya kufyonza na ya kutoa. Ya pili ndiyo ya kusoma.

Nguvu farasi husaidia kugundua uongo. Nguvu farasi 1 ni wati 746. Mashine nzuri ya aina hii hutoa lita 60 hadi 80 za hewa kwa dakika kwa kila nguvu farasi ya mota, kwa kanieneo ya kawaida ya gereji. Kibati kinachodai nguvu farasi 2 na kutoa lita 300 hakiwezi kuwa kinasema kweli katika yote mawili.

Kazi ya nani?

Kabla ya kuuliza mashine inatoa nini, fundi huuliza kazi yake inakula nini. Tairi la pikipiki lenye ujazo wa lita 7, likijazwa kutoka tupu hadi baa 2, huhitaji lita 17 hivi za hewa ya Tunduma. Tairi la gari dogo lenye ujazo wa lita 30 kwa baa 2.2 huhitaji lita 79. Pwani lingehitaji 65. Kwa kazi hizo mashine yoyote ndogo inatosha, na tangi la lita 25 lingeweza kufaa. Kupuliza vumbi katika kabureta na chujio la hewa ni kazi ya sekunde chache. Spana ya upepo hula kiasi cha lita 120 kwa dakika ikitumiwa kwa kukatiza, na humfaa fundi mwenye tangi la lita 50, kwa kuwa tangi hujaa wakati yeye anapoondoa gurudumu. Bunduki ya kupakia rangi haina mapumziko ya namna hiyo. Hutaka hewa mfululizo dakika baada ya dakika, na nyingi hula lita 200 na zaidi. Msasa wa upepo hula zaidi ya hapo. Anayekusudia kupaka gari zima rangi hahitaji mashine ndogo.

Kishawishi cha Tunduma ni lori. Fedha iko barabarani, na pancha moja ya lori hulipa kuliko pancha nyingi za pikipiki. Tairi la lori kubwa lina ujazo wa lita 140 hivi na hujazwa hadi baa 8. Hiyo ni lita 1,330 za hewa ya Tunduma, kazi ya dakika 11 bila kupumzika kwa mashine ya lita 120, nayo mashine ndogo nyingi haziruhusiwi kufanya kazi mfululizo kwa muda huo. Tena hewa hutiririka kutoka kanieneo kubwa kwenda ndogo tu. Mashine ambayo swichi yake huzima kwenye baa 8 haiwezi kulifikisha tairi kwenye baa 8. Itakaribia, polepole zaidi kila dakika, kisha itabaki ikiunguruma hadi iungue.

Jambo la pili linahusu maisha ya mtu. Hewa ya baa 8 inayosukuma ubavu mmoja wa tairi lenye kipenyo cha mita 1 huusukuma kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa zaidi ya tani 40. Rimu za vipande, zenye pete ya kufungia, hushikilia nguvu hiyo kwa pete tu, na pete iliyokaa vibaya hurushwa kama risasi ya mzinga. Karakana zinazostahili hujazia magurudumu hayo ndani ya kizimba cha chuma, kwa bomba refu, fundi akiwa kando na si mbele ya gurudumu. Gereji ya uani haina kizimba hicho, na katika jambo hili hakuna nusu ya uangalifu.

Kwa fundi wa pikipiki, bajaji na magari madogo, basi, mashine inayofaa ni ya nguvu farasi 2, yenye tangi la lita 50, inayozima kwenye baa 8, na inayotoa walau lita 120 kwa dakika. Ikiwa fedha inaruhusu, ile inayozungushwa kwa mkanda ni bora kuliko ile ambayo mota imeshikana na pistoni moja kwa moja. Mkanda huiwezesha pampu kuzunguka polepole kuliko mota, na pampu inayozunguka polepole hupoa vizuri na kuishi zaidi. Zipo mashine zisizotiwa mafuta, nyepesi na rahisi kubeba, ambazo hewa yake haina matone ya mafuta ya kuharibu rangi. Lakini kelele zake huwafikia majirani watatu, na pete zake huisha mapema. Pampu ndogo za volti 12 zinazochomekwa katika gari ni za dharura njiani. Wako pia mafundi wanaotengeneza mashine kutokana na kompresa ya jokofu bovu. Ni kimya na haina gharama, na kwa tairi moja moja inafaa, ila hutoa hewa kidogo sana na hutapika mafuta yake pamoja na hewa, kwa kuwa katika jokofu mafuta hayo yangerudi yenyewe kwa mzunguko.

Umeme, na waya mrefu

Mota ya nguvu farasi 2 hutoa kilowati 1.5 na kuvuta kama kilowati 2 kutoka katika mita, kwa sababu sehemu hupotea kuwa joto. Kwa volti 230 hiyo ni ampea 10 hivi. Plagi ya kawaida ya nyumbani ni ya ampea 13. Mota ya nguvu farasi 3 ingevuta ampea 14 au 15, na hapo plagi hiyo haifai tena. Lazima uwepo waya wake peke yake kutoka katika kisanduku cha fyuzi. Hiyo ni sababu nyingine ya kutopita nguvu farasi 2. Saa moja ya mota kuzunguka hula yuniti 2 za LUKU, na mwenye gereji asiyeziba uvujaji wa mabomba yake hulipia mashine inayojiwasha usiku kucha bila kazi.

Penye hatari kubwa kwa mota ni sekunde ya kuwaka. Mota iliyosimama huvuta ampea mara 5 hadi 7 ya kawaida yake hadi ipate mwendo. Mafundi wengi huweka mashine chini ya mti, mahali gari lilipo, na kuvuta waya kutoka nyumbani. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, wenye urefu wa mita 50, una ukinzani wa karibu omu 1.2 kwenda na kurudi. Katika mwendo wa kawaida ampea 10 hupoteza volti 12 njiani, na hilo huvumilika. Katika kuwaka, ampea 50 hupoteza volti 60, na mota hupata volti 170 mahali pa 230. Nguvu ya kuzungusha ya mota hufuata kipeo cha pili cha volti: 170 kwa 230, mara yenyewe, ni karibu nusu. Mota yenye nusu ya nguvu inayokabiliana na pistoni iliyobana huunguruma mahali pamoja, na katika muda mfupi waya zake huanza kunuka. Asubuhi za Juni na Julai, mafuta yakiwa mazito kwa baridi, hali huwa mbaya zaidi.

Dawa yake ni kubadilisha kinachosafiri. Mashine ikae karibu na umeme, na bomba la upepo ndilo liwe refu. Bomba la mita 20 hupoteza kanieneo kidogo tu kwa matumizi haya, wala haliunguzi kitu.

Penye umeme wa mashaka wengine huchagua injini ya petroli. Injini hiyo nayo huvuta pumzi katika hewa ileile nyepesi, na hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, yaani asilimia 15 au 16 huko Tunduma. Mota ya umeme haipotezi nguvu kwa namna hiyo, ila hupoa vibaya. Mota nyingi zimepimwa kwa matumizi yasiyozidi mita 1,000 juu ya bahari. Kwa hiyo kanuni ya kupumzika inayoandikwa katika kitabu cha mashine, tuseme dakika 10 za kazi kwa 10 za kupumzika, Tunduma ichukuliwe kwa ukali.

Tangi

Tangi la lita 50 lililojaa hewa ya baa 8 limehifadhi nishati ya kilojuli 50 hivi. Nishati hiyo ingetosha kuinua mfuko wa simenti wa kilo 50 hadi urefu wa mita 100. Ikitolewa kidogo kidogo hufungua nati. Ikitoka yote kwa mara moja, ni mlipuko.

Kinachoizuia ni bati. Mvutano katika bati la tangi la mviringo hupatikana kwa kuzidisha kanieneo kwa nusu kipenyo, kisha kugawanya kwa unene. Kwa tangi la kipenyo cha milimita 250 na bati la milimita 2, baa 8 (ambayo ni nyutoni 0.8 kwa kila milimita ya mraba) huleta mvutano wa nyutoni 50 kwa milimita ya mraba. Chuma cha kawaida huanza kulegea kwenye nyutoni 240 hivi, kwa hiyo tangi jipya lina akiba ya kutosha. Kutu ikila bati hadi ibaki nusu milimita, mvutano hufika 200, na akiba imekwisha. Kwa nje rangi bado inang'aa.

Kutu hiyo hutoka katika hewa yenyewe. Siku ya masika, hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 70 hubeba gramu 12 za mvuke katika kila mita ya ujazo. Ikibanwa mara 9.3 na kupoa tena ndani ya tangi, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 2 kati ya hizo; 10 hugeuka maji na kukaa chini. Mashine inayotoa lita 100 kwa dakika kwa muda wa saa 2 kwa siku huacha tanginI gramu 120 za maji, nusu ya kikombe cha chai. Chini ya kila tangi kuna skrubu au bomba dogo la kuyatolea, nalo hufunguliwa kila jioni, tangi likiwa limebaki na upepo kidogo. Maji yanayotoka na rangi ya chai ni habari mbaya.

Tangi la mtumba hupimwa kwa maji, kamwe si kwa hewa. Hujazwa maji hadi hewa yote itoke, kisha husukumwa kwa pampu ya mkono hadi mara moja na nusu ya kanieneo ya kazi. Maji hayabaniki; tangi likipasuka, huchirizika tu. Tangi lililotoboka halichomelewi kiraka, kwa kuwa bati la pembeni ya tundu limekwisha kuwa jembamba vilevile. Kutumia pipa la mafuta badala ya tangi ni hatari isiyo na kifani: mfuniko wa pipa la lita 200, kwa baa 1 tu, husukumwa kwa uzito wa zaidi ya tani 2.5, na haukuundwa kwa kazi hiyo.

Valvu ya usalama, ile yenye pete ndogo ya kuvuta, hukaguliwa kwa kuvutwa mara kwa mara ili isigande. Fundi anayeifunga kwa waya kwa sababu "inapoteza upepo" ameondoa kizuizi cha mwisho pale swichi itakaposhindwa kuzima. Hali kadhalika, upepo wa gereji haupulizwi mwilini, wala kwa kufuta vumbi katika nguo, wala kwa mchezo wa watoto. Hewa ya baa chache hupenya ngozi penye jeraha na kuingia katika damu, na ikipulizwa sikioni au katika tundu lingine la mwili huweza kuua.

Kupima dukani

Namba ya kibati inaweza kuhakikishwa kwa saa ya mkononi, na jaribio hilo linafaa pia kwa darasa la fizikia lililo karibu na gereji. Mashine huwashwa bomba likiwa limefungwa. Sindano ya geji inapopita baa 4 muda huanza kuhesabiwa, na inapopita baa 6 huandikwa. Kanieneo imepanda kwa baa 2 katika tangi la lita 50. Baa 2 mara lita 50, ukigawanya kwa 0.84, ni lita 119 za hewa ya Tunduma. Ikiwa ilichukua dakika 1 kamili, mashine inatoa lita 119 kwa dakika. Ikiwa ilichukua sekunde 90, inatoa 79, kibati kiseme kisemavyo. Darasa la Dar es Salaam lingegawanya kwa 1.01. Kwa geji ya psi, baa 4 ni psi 58 na baa 6 ni psi 87.

Jibu hilo huzidi ukweli kidogo, kwa kuwa hewa iliyomo tangini bado ni ya moto. Kwa sababu hiyo mashine ikisha kujizima huachwa imesimama, na geji huangaliwa tena. Sindano ikishuka kidogo katika dakika za mwanzo na kutulia, hewa imepoa. Ikiendelea kushuka, kuna mahali panapovuja, na povu la sabuni likipakwa kwenye viungo, valvu na mshono wa tangi litapaonyesha. Kiungo hukazwa. Povu likitokea kwenye mshono, mashine hiyo hurudishwa ilipotoka.